Wavuvi, Tarishi na Mwanabiolojia: Tarikhi ya Bendi ya Descendents

Kusini mwa Los Angeles, mahali ambapo pwani ya California hupinda kuielekea rasi ya Palos Verdes, ipo miji midogo mitatu iliyopakana, Manhattan Beach, Hermosa Beach na Redondo Beach, ambayo katika miaka ya 1970 ilikaliwa na wahandisi wa viwanda vya ndege na vyombo vya angani, na wavuvi wa ndoana, na vijana ambao saa zao nyingi zilipita majini juu ya mbao za kutelezea mawimbi. Katika mji jirani wa Hawthorne ndiko walikolelewa ndugu walioanzisha bendi ya Beach Boys mwaka 1961, na ladha ya nyimbo zao, yenye sauti nyingi zilizopangwa kwa ustadi juu ya mahadhi mepesi, ilikuwa bado hewani humo wakati kizazi cha pili kilipoanza kushika magitaa. Mwaka 1977 vijana wawili wa huko, Frank Navetta na David Nolte, wakaanza kutunga nyimbo pamoja na kuipa bendi yao, ambayo ilikuwa haijapata hata mpiga ngoma, jina la Descendents.

Mwaka huo muziki wa panki ulikuwa umekwisha kuvuka bahari mara mbili, ukitoka New York kwenda London na kurudi Marekani ukiwa na sifa mbaya kuliko ile uliyoondoka nayo, na popote ulipotua uliwafundisha vijana jambo moja kubwa, ya kwamba mtu hahitaji ruhusa ya mwalimu wala utajiri wa tajiri ili asimame jukwaani. Ulipofika katika miji hii ya pwani uliongezeka kasi na ukali. Hermosa Beach ilikuwa nyumbani kwa bendi ya Black Flag, ambayo kiongozi wake, Greg Ginn, aliigeuza biashara yake ndogo ya vifaa vya redio ikawa kampuni ya santuri iitwayo SST. Wakafanya mazoezi katika jengo la kanisa la zamani, na maonyesho yao yakawa yakivunjwa na polisi kwa marungu mara kwa mara, hata ikawa kwenda kuwasikiliza ni jambo la kuhatarisha kichwa. Katika upepo wa namna hiyo, kijana aliyetaka kuimba habari ya mapenzi yaliyomshinda, kwa lahani inayoimbika na kibwagizo kinachobaki masikioni, alihitaji ushujaa wa aina nyingine, nami naona kwamba ushujaa huo haukupata kusifiwa kwa kadiri yake.

Nolte hakukaa sana. Alivutwa na bendi ya ndugu zake, The Last, ambayo yenyewe ilikuwa na kipaji cha kuchanganya panki na mahadhi ya zamani ya pwani, na mfano wake ulibaki kuwa chuo kwa wale aliowaacha. Nafasi ya ngoma ikashikwa na Bill Stevenson, mzaliwa wa 1963, mwanafunzi wa shule na mvuvi wa kupindukia, na nafasi ya gitaa la besi ikashikwa na mtu ambaye ni ajabu kumkuta katika kisa hiki, Tony Lombardo, aliyezaliwa mwaka 1945, mfanyakazi wa posta mwenye mshahara na ratiba, ambaye kwa umri angaliweza kuwa mjomba wa wenzake. Walikutana kwa mazoezi katika mji wa Long Beach, penye makutano ya barabara ya 9 na ya Walnut, na mwaka 1979 wakatoa santuri yao ya kwanza yenye nyimbo mbili, kwa gharama na kwa jina lao wenyewe, bila ya kampuni yoyote nyuma yao. Anayeisikiliza leo hushangaa kwamba haina ghadhabu. Ni muziki wa pwani, mwepesi, wenye jua ndani yake, na Lombardo, ambaye alipenda kila noti ya besi isikike safi na mahali pake, ndiye aliyeutia nidhamu.

Mwaka 1980 akaingia mtu wa nne, Milo Aukerman, mwanafunzi mwenzake Stevenson katika shule ya sekondari ya Mira Costa, kijana mwembamba mwenye miwani minene, aliyependa vitabu vya sayansi kuliko watu wengi waliomzunguka. Shuleni palikuwa na mwanafunzi aliyemchora kwa dhihaka: kichwa cha pembe nne, nywele chache zilizosimama, miwani mikubwa, ukosi wa shati na tai, yaani sura ya mtoto ambaye wenzake humcheka kwa kuwa hujibu maswali yote darasani. Bendi ikaichukua dhihaka hiyo na kuifanya bendera yake. Picha hiyo, iliyochorwa upya kwa mistari michache myeusi, ilitiwa juu ya jalada la albamu ya kwanza, na tangu hapo imerudi tena na tena, mara ikivalishwa hivi na mara vile, hata leo wako watu wa makamo ulimwenguni walioichanja katika ngozi zao. Katika muziki ambao vijana wengi waliuendea ili waonekane wakali, hawa walimweka mbele kabisa yule aliyechekwa, wakampa kipaza sauti.

Kabla ya albamu hiyo ilitoka santuri fupi ya nyimbo tano mwaka 1981, iitwayo Fat, na haistahili kupitwa hivi hivi, kwa sababu ndani yake imo tabia yote ya nyumba hii. Nyimbo zote tano huisha kwa takriban dakika tano. Mmoja ni wa kusifu chakula. Mmoja ni wa samaki. Mmoja ni wa kuagiza chakula kwenye dirisha la mkahawa, nao huanza na kwisha kabla msikilizaji hajakaa vizuri kitini. Na mmoja ni wa kumlalamikia baba, ambao tutaukumbuka mbele. Kasi hiyo ilikuwa na chanzo chake. Stevenson na rafiki mmoja mvuvi walikuwa na mazoea ya kukesha baharini kwa kahawa, naye Stevenson alikuwa na kikombe chake maalumu, ambacho hakitengenezwi kwa kijiko: humiminwa chenga za kahawa ya unga mpaka zifike karibu theluthi ya kikombe, hutiwa sukari kwa wingi, kisha hufuatia maji ya moto, na kinywaji kinachopatikana ni kizito kuliko kahawa chungu yoyote ya barazani, na mnywaji hujiona kama aliyeshikwa na umeme. Katika safari moja ya namna hiyo, mwaka 1980, wawili hao walizua itikadi yao ya mzaha na ya kweli kwa pamoja, ya kutaka yote, ya kutoridhika na nusu ya jambo lolote, na neno lao hilo, All, litarudi katika kisa hiki kama jina la albamu, la wimbo wa sekunde moja, na la bendi nzima. Rafiki huyo alikuja kufia baharini.

Albamu yenyewe ilirekodiwa mwezi wa Juni 1982 katika studio ya Total Access huko Redondo Beach, chini ya usimamizi wa Spot, fundi aliyerekodi sehemu kubwa ya muziki wa kundi lile la pwani, nayo ikaitwa Milo Goes to College, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mwimbaji alikuwa akienda chuo kikuu kusomea biolojia, na bendi, badala ya kumbembeleza abaki au kumtafuta mwingine kwa siri, ilitangaza habari hiyo kwenye jalada. Nyimbo ni 15, na zote pamoja huchukua dakika 22. Wanachama wote wanne walitunga, na kila mmoja alileta moyo wake mwenyewe: Aukerman alileta wimbo wa Hope, ambao ni malalamiko ya mpenzi anayengoja kutazamwa, Stevenson akaleta Bikeage, na Lombardo, yule tarishi, akaleta Suburban Home, wimbo wa mtu anayetamani nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida. Wasikilizaji wengi waliudhani kuwa ni kejeli, maana panki ilikuwa imewazoesha kuidharau nyumba ya namna hiyo. Lakini mtungaji alikuwa amekusudia kila neno, naye aliitaka nyumba hiyo kwa dhati. Kwangu mimi hiyo ni dakika moja na nusu ya ukweli usio na kinga yoyote, na ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyopata kutoka katika muziki huu.

Haki inanilazimu kusema pia kwamba albamu hii ina maneno ya kuwatukana wanawake na watu wa jinsia moja wapendanao, maneno ya wavulana wenye donge, ambayo hayakuwa mazuri siku ile wala hayakupata uzuri kwa kupita miaka. Msikilizaji mwaminifu hana njia ya kuyakwepa. Yamo humo, ubavuni mwa nyimbo za upole na za haya, nami naamini kwamba vyote viwili vilitoka katika kidonda kimoja, cha vijana walioona kwamba hawapendwi.

Ni vyema tukasimama kidogo kwenye namna ya biashara yenyewe, kwa maana bila ya kuielewa mtu hawezi kuthamini jinsi bendi hii ilivyodumu. Kampuni kubwa za santuri zilikuwa Hollywood, si mbali na ufuo huo, lakini kwa hakika zilikuwa dunia nyingine. Hazikuona faida katika nyimbo za dakika moja za wavulana wa pwani. Santuri ya Fat na albamu ya kwanza zilitolewa na New Alliance, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1980 katika bandari ya San Pedro na D. Boon na Mike Watt, wanamuziki wa bendi ya Minutemen, pamoja na mwenzao mmoja. Kampuni ya namna hii ilikuwa ni watu wachache na meza. Walilipia saa za studio, nyingi zikiwa za usiku ambapo bei hupungua, wakapeleka utepe kiwandani ukafanywe santuri, wakapokea maboksi, wakayasambaza kwa wauzaji wadogo na kwa posta, msomaji wa jarida la kurudufu akituma fedha zake ndani ya bahasha na kungoja. Redio zilizowapigia nyimbo zilikuwa zile za vyuo, zenye mawimbi yasiyofika mbali na watangazaji wasiolipwa. Maonyesho yalifanyika katika kumbi za kukodi, na bendi ikisafiri ililala sakafuni kwa wenyeji iliokutana nao usiku ule ule. Katika mpango huo hapakuwa na mtu wa kumwamuru mwanamuziki atunge nini, wala hapakuwa na mtu wa kumlipia kodi ya nyumba.

Ndiyo sababu kila mmoja alikuwa na riziki mahali pengine, na ndiyo sababu bendi ilivunjika na kuungana mara nyingi bila ya kufa. Aukerman alipokwenda chuo kikuu cha California huko San Diego, Stevenson akaingia Black Flag, akapiga ngoma na kuzunguka nchi pamoja nao mpaka mwaka 1985. Navetta, ambaye gitaa lake lilikuwa na ukali wa mtu asiyependa kubembelezwa, aliteketeza vyombo vyake vya muziki kwa moto, akahamia jimbo la Oregon, akawa mvuvi. Mwaka 1985 waliobaki walikutana tena pamoja na mpiga gitaa Ray Cooper na kutoa I Don't Want to Grow Up, albamu tamu iliyojaa nyimbo za mapenzi kuliko ile ya kwanza. Na ilipofika zamu ya kuondoka kwa safari ndefu za maonyesho, Lombardo akabaki nyuma, maana posta haimngojei mtu, naye hakuwa tayari kuitupa kazi iliyomlisha. Sioni la kumlaumu. Yeye ndiye aliyeimba nyumba ya kawaida.

Albamu ya Enjoy! ya mwaka 1986 nitaipita, maana mizaha yake ya chooni inazidi nyimbo zake. Kilicho kikubwa ni kwamba baada yake waliingia wawili kutoka Salt Lake City, Karl Alvarez wa besi na Stephen Egerton wa gitaa, marafiki tangu utotoni, wapigaji wenye elimu ya vidole ambayo panki ilikuwa haijaizoea. Pamoja nao Stevenson alitoa albamu iitwayo ALL kupitia SST mwaka 1987, yenye gitaa la kupindapinda na hesabu za mapigo zisizotabirika, na papo hapo Aukerman akaaga kwa mara ya pili, akarudi kwenye elimu ya viumbe kutafuta shahada ya uzamivu. Mara hii ilionekana kuwa kwaheri ya kweli, na waliobaki wakaona aibu kulitumia jina la zamani pasipo sauti ya zamani, wakajiita All.

Miaka minane iliyofuata ni sura ya jasho, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, ingawa wapenzi wa bendi hii wengi huiruka. All walipata waimbaji watatu kwa kufuatana, Dave Smalley, Scott Reynolds na Chad Price, wakatoa takriban albamu moja kila mwaka kwa kampuni ya Cruz, na wakaishi barabarani. Walipoona kwamba kodi za Los Angeles zinawala, wakahamia Brookfield, mji mdogo wa mashambani katika jimbo la Missouri, ambako nyumba ni rahisi na ambako kutoka katikati ya nchi mtu huweza kuendesha gari kuelekea upande wowote. Hawakujulikana kwa kadiri ya kazi yao. Wakati huo huo, kaskazini na kusini mwa California, vijana waliokuwa wamelelewa na santuri zile za dakika 22 walikuwa wakizitumia kama kitabu cha chuoni, wakiiga kasi ile ya ngoma, na gitaa lile, na ile namna ya kuimba kilio cha mapenzi kwa sauti inayokaribia kelele.

Mwaka 1994 mavuno yakaja, lakini yalivunwa na wengine. Green Day walitoa Dookie kwa kampuni kubwa, na Offspring walitoa Smash kwa kampuni huru ya Epitaph, na nakala zikauzwa kwa mamilioni; muziki wa panki wenye lahani, ambao kwa miaka 15 ulikuwa mali ya kumbi za kukodi, ukaingia katika kila redio. Kampuni kubwa zikatawanyika kutafuta chochote kilichofanana na hivyo, na All nao wakachukuliwa na kampuni ya Interscope, wakatoa kwayo albamu moja tu, Pummel, mwaka 1995, kisha wakaachana nayo. Mtu mwingine angaliihesabu kuwa ni fursa iliyopotea. Lakini katika mwaka ule ule wa 1994 walikuwa wamehamia Fort Collins, katika jimbo la Colorado, na huko wakafanya jambo ambalo thamani yake imezidi mkataba wowote: walijenga studio yao wenyewe, wakaiita The Blasting Room.

Hapo ndipo ninapouona mzizi wa uhuru wao. Watu wengi wakisema bendi huru humaanisha ile iliyotoa santuri kwa kampuni ndogo, lakini kampuni ndogo nayo ni bwana, na mara nyingine ni bwana mgumu wa kulipa kuliko mkubwa. Stevenson na wenziwe walipokuwa na kuta zao, vipaza sauti vyao na mashine zao za kurekodia, hawakuhitaji tena kumwomba mtu saa ya studio, na tena wakawa na riziki isiyowatoa nje ya sanaa yao, kwa kuwa bendi nyingine zilianza kuja kwao. Rise Against walirekodi hapo The Sufferer and the Witness ya mwaka 2006. NOFX na Lagwagon walikuja pia. Na Stevenson akawa mmoja wa mafundi wanaotafutwa sana katika muziki huu. Sauti ya ngoma iliyo kavu, iliyo karibu, ambayo mtu akiisikia huijua, imetoka katika jengo hilo na kuenea kwenye santuri nyingi ambazo wasikilizaji wake hawajui jina lake.

Aukerman naye, baada ya miaka kadhaa ya maabara, aliingiwa na hamu ya kuimba, akawapigia simu. Hawakumfukuza Chad Price wala hawakuivunja All. Wale wale watatu, Stevenson, Alvarez na Egerton, wakawa wanazipigia bendi mbili zenye waimbaji wawili, kila moja na nyimbo zake. Mwaka 1996 Epitaph ikatoa Everything Sucks, iliyorekodiwa katika studio yao, na Navetta na Lombardo walialikwa kupiga katika baadhi ya nyimbo, ishara ya adabu ambayo bendi nyingi hazina kwa watu waliotangulia. Ni albamu ya watu wazima wanaokimbia kama watoto. Wimbo wa Coffee Mug, ambao ni sifa ya kahawa, hauchukui hata dakika moja, nao umepigwa kwa usahihi ambao vijana wa 1981 hawakuweza kuufikia.

Kisha Aukerman akarudi tena maabara. Alifanya utafiti katika chuo kikuu cha Wisconsin huko Madison, halafu akaajiriwa na kampuni ya DuPont katika jimbo la Delaware, akishughulikia elimu ya mimea, akalea watoto, akaamka asubuhi na kwenda kazini. Watu waliopenda bendi hii walizoea hali hiyo, kama watu wa nyumba wanavyozoea mtu wao wa safari, na sijui bendi nyingine iliyomwachia mwimbaji wake aende na kurudi kwa miaka ipatayo 30 bila ya ugomvi wa hadharani. Albamu iliyofuata ilikuja baada ya miaka minane, Cool to Be You ya mwaka 2004, kwa kampuni ya Fat Wreck Chords, ambayo mwenyewe wake wakati huo alikuwa Fat Mike wa NOFX, mmoja wa wale waliolelewa na santuri za Descendents. Ndani yake umo wimbo wa Stevenson uitwao One More Day, juu ya baba yake na siku zake za mwisho. Bendi iliyomlalamikia baba mwaka 1981 kwa chini ya dakika moja ilirudi baada ya miaka 23 na kumlilia, bila haraka na bila mzaha, na mtu aliyezisikia nyimbo zote mbili kwa mfuatano hupata tarikhi ya maisha ya mwanadamu ambayo vitabu vinene hushindwa kuieleza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maradhi. Alvarez alipata mshtuko wa moyo mwaka 2007. Frank Navetta alifariki tarehe 31 Oktoba 2008. Stevenson mwenyewe alipata damu iliyoganda mapafuni, na mwaka 2010 madaktari wakagundua uvimbe mkubwa ubongoni mwake, uliokuwa umekua kimya kimya kwa muda mrefu na kumbadilisha mwenendo na tabia hata wenziwe wakamwona kama mtu aliyezimika. Ulitolewa kwa upasuaji, akapona, na alipopona akataka kupiga ngoma. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule walisimama jukwaani katika tamasha la Fun Fun Fun huko Austin, na tangu hapo wakajiwekea utaratibu ambao haukupata kuwa katika ndoto za bendi changa: kusafiri kwa ndege mwishoni mwa juma, kupiga, na kurudi Jumatatu kwa kazi na watoto. Filamu ya habari zao, Filmage, ilitoka mwaka 2013, na humo watu mashuhuri kama Dave Grohl wa Foo Fighters wanakiri deni lao kwa bendi hii kwa maneno yasiyo na kificho.

Albamu ya Hypercaffium Spazzinate ya mwaka 2016 ilitengenezwa na watu wanaoishi mbalimbali, ngoma na besi zikirekodiwa Fort Collins, gitaa likirekodiwa na Egerton katika studio yake ya Tulsa, na sauti ikirekodiwa na Aukerman huko Delaware. Na katika mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 53, yule aliyeondoka kwenda chuo mwaka 1982 aliacha kazi ya maabara akawa mwanamuziki wa siku zote.

Imebaki albamu moja ya kueleza. Mwaka 2002 wale watatu waliokuwako kabla ya Aukerman, Navetta, Lombardo na Stevenson, walikutana tena, wakarekodi nyimbo walizokuwa wakizipiga kati ya 1977 na 1980 na ambazo nyingi hazikupata kuingia studio. Kazi hiyo ikakaa bila sauti ya mwimbaji kwa miaka 18. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga kumbi zote na safari zikakoma, Aukerman akatia sauti yake juu ya gitaa la Navetta, na Epitaph ikaitoa tarehe 23 Julai 2021 kwa jina la 9th & Walnut, yaani yale makutano ya barabara ya Long Beach. Zimo nyimbo 18, pamoja na nyimbo mbili za ile santuri ya 1979 zilizopigwa upya. Ni nyimbo za watoto wa shule zilizopigwa na watu wazima wenye mikono ya kazi, na besi ya Lombardo, ambaye siku ya kurekodi alikuwa amekaribia miaka 60, inasikika noti kwa noti, safi, mahali pake.